Ernie Chambers: Kinyozi wa Mtaa Aliyekaa Bungeni Miaka 46 Bila Chama

Hebu tuanze na swali rahisi. Kwa mtaa wenu, msee akisema anasimama kiti kama mgombea huru, watu husema nini? Wengi hucheka. Hana chama, hana doo, hana mkubwa wa kumshika mkono. Huyo ameenda na maji. Na tusidanganyane, mara nyingi huwa anaenda na maji kweli.

Sasa cheki hii. Kuna mzee mmoja huko Marekani anaitwa Ernie Chambers. Alikuwa kinyozi. Ni mweusi, kwa jimbo ambalo wengi ni wazungu na ambalo kwa siasa ni ngome ya Republican. Hakuingia Bunge la jimbo kwa tiketi ya Republican wala ya Democrat. Na bado alikaa humo miaka 46. Hakuna mtu mwingine kwa historia ya jimbo hilo aliyekaa bungeni muda mrefu kumliko.

Walijaribu kumtoa kwa kura, wakashindwa. Mwishowe jimbo likapitisha sheria ya kuwazuia wabunge kukaa muda mrefu, na akatoka. Baada ya miaka 4 akarudi tena. Hizi si story za jaba. Kaa hapa tukuchanue vile ilienda, juu kuna mambo mengi hapa ya mtu yeyote anayewaza kusimama bila chama.

KWANZA, HILI BUNGE NI GANI?

Marekani ina majimbo 50 na kila jimbo lina bunge lake. Ukitaka kuelewa haraka, fikiria county assembly yetu, halafu uiongezee meno. Hawa wabunge wa jimbo ndio huamua sheria za jinai, shule, polisi, hata kama mtu akiua anaweza kunyongwa au la.

Majimbo 49 yana bunge lenye nyumba mbili, moja juu na ingine chini. Nebraska peke yake ndiyo ina nyumba moja. Ilianza hivyo 1937, baada ya mwanasiasa mmoja mkongwe, George Norris, kuwashawishi wapiga kura kwamba nyumba mbili ni kupoteza pesa na kuficha madili. Bunge hilo liko Lincoln, mji mkuu wa jimbo, lina watu 49, na kila mmoja anaitwa seneta.

Na hapa ndipo kuna utamu. Kwa karatasi ya kura ya Nebraska, mgombea ubunge wa jimbo haandikwi chama chake. Ni jina tu. Hakuna nominesheni ya Democrat wala ya Republican. Wagombea wote wanaingia kwa mchujo mmoja, wawili wa kwanza wanakutana Novemba. Kwa hivyo ile siku ya kupewa au kunyimwa cheti cha chama, siku ambayo wagombea wetu hulala nje ya ofisi ya chama wakingoja simu, kule haipo kwa kiti hiki.

Lakini usiseme basi ilikuwa rahisi. Karatasi haina chama, lakini watu wana vyama. Kila mtu anajua nani ni Republican na nani ni Democrat, na pesa za kampeni zinafuata njia hizo hizo. Wenzake karibu wote walikuwa na mlango wa chama wa kubisha mambo yakichacha. Yeye alidinda kujiunga na upande wowote.

KIJANA WA NORTH OMAHA

Chambers alizaliwa Omaha, mji mkubwa kuliko yote Nebraska, Julai 1937. Yaani ni rika moja na lile bunge lenyewe. Alikulia North Omaha, upande wa mji ambako watu weusi walikuwa wamebanwa kuishi. Akasoma Creighton, chuo cha Wakatoliki hapo hapo mjini, akamaliza digrii 1959.

Kazi yake ya posta iliisha 1963 kwa kufutwa. Yeye alisema alifutwa juu ya kulalamika vile mabosi walikuwa wakiwaita wafanyakazi weusi, watu wazima, "kijana". Akashika mashine ya kunyoa.

Na wewe unajua kinyozi ni nini kwa mtaa. Hapo ndio base. Hapo ndio watu hubonga siasa, mpira, polisi na bei ya unga. Msee akikaa kwa kile kiti, kichwa chako kiko mikononi mwake, lazima umsikize. Kinyozi ya Spencer Street ilikuwa hivyo. Chambers alinyoa huku akisoma, akibishana, akieleza watu haki zao.

1966 kukatokea vitu viwili. Cha kwanza, North Omaha ililipuka. Vijana walichoka na karao na ukosefu wa kazi, wakaingia barabarani. Chambers akatokea kama mtu anayeweza kuongea na vijana na pia akakaa mezani na wakubwa wa mji. Cha pili, kuna watu walikuwa wakitengeneza filamu ya hali halisi, A Time for Burning, kuhusu pasta mzungu wa Kilutheri aliyetaka waumini wake wazungu wakutane tu na Walutheri weusi. Kukutana tu, hakuna kingine. Pasta akaingia kwa ile kinyozi. Chambers akamweleza bila kumficha kwamba kanisa lake litamtupa nje kabla libadilike. Na hivyo ndivyo ilienda: pasta aliishia kuacha hilo kanisa. Filamu ikateuliwa kuwania Oscar, na kinyozi wa mtaa akajulikana nchi nzima.

Joto halikupoa. 1969 polisi alimpiga risasi binti wa miaka 14 huko North Omaha akafa, na mtaa ukawaka tena. Polisi huyo alishtakiwa akaachiliwa. Mwaka uliofuata, seneta wa eneo hilo, Edward Danner, akafariki. Gavana akateua mtu wa kushikilia kiti. Uchaguzi ulipokuja Novemba 1970, Chambers akaingia ulingoni na kumwangusha yule aliyeteuliwa.

Januari 1971 akaapishwa akiwa na miaka 33. Kiti cha eneo nambari 11.

MSEE MMOJA KATI YA 49: ALIFANYAJE?

Hili ndilo swali la maana. Watu huuliza mgombea huru: hata ukishinda, utafanya nini peke yako? Huna mbogi bungeni. Huna kiongozi wa walio wengi wa kukupigia simu. Na Chambers alikuwa na shida mara mbili, juu kwa miaka mingi alikuwa mweusi pekee kwa lile bunge lote.

Jibu lake lilikuwa kitabu. Si Biblia, si kitabu cha siasa. Kitabu cha kanuni za bunge.

Alikisoma mpaka akakijua kuliko spika. Bunge la jimbo hukaa siku za kuhesabu kila mwaka, na miswada huwa mingi. Maana yake ni kwamba kitu cha thamani kuliko pesa pale ndani ni muda. Chambers akagundua kwamba mtu mmoja anayejua kanuni anaweza kula muda wa wote. Analeta marekebisho, anaongea dakika zake zote. Yanapigiwa kura, yanaanguka. Analeta mengine. Anaomba kura irudiwe. Analeta mengine tena. Kumnyamazisha kunahitaji kura 33 kati ya 49, yaani thuluthi mbili. Kupata watu 33 wakubaliane si mchezo.

Sasa fikiria wewe ni seneta una mswada wako wa barabara ya kwenu. Zimebaki siku 4 bunge lifungwe. Unamwona Chambers amesimama na rundo la karatasi, na mswada wako uko kwa foleni nyuma ya ule anaoupinga. Utafanya nini? Utaenda kuongea na yeye. Utamuuliza anataka nini. Hapo ndipo nguvu yake ilitoka. Hakuwa na kura 25 za kupitisha mswada, lakini alikuwa na uwezo wa kufanya kila mtu alale njaa.

Watu walimchukia kwa hiyo tabia. Pia walimheshimu, juu alisoma kila mswada. Kuna maseneta walikuwa wakipeleka mswada kwake kwanza atafute makosa, kwa sababu walijua atayapata tu, afadhali ayapate mapema.

Na luku yake? Wenzake walikuja na suti na tai. Yeye alikuja na jeans na T-shati, miaka yote. Alikuwa akiendesha ndai yake kutoka Omaha hadi Lincoln na kurudi, karibu kama kutoka Tao hadi Naivasha. Mshahara wa seneta wa Nebraska, kiwango ambacho wapiga kura waliweka 1988, ni dola 12,000 kwa mwaka. Ukipiga hesabu ya leo ni kama Sh130,000 kwa mwezi. Kwa mhesh, hizo ni pesa kidogo sana, na hajaongezwa mpaka leo. Kwa hivyo huyu hakuwa pale kwa sababu ya ganji.

Katikati ya hayo akarudi kusoma sheria, akamaliza 1979. Halafu akadinda kujiunga na chama cha mawakili wa jimbo. Hata huko, hakutaka kuwa mwanachama.

ALICHOPATIA WATU WAKE

Kubonga bila kazi kuna mwisho. Kama Chambers angekuwa mtu wa mdomo tu, North Omaha ingemchoka. Hizi hapa ni baadhi ya kazi zake.

Kura za mtaa. Zamani madiwani wa Omaha walichaguliwa na mji mzima. Fikiria kama MCA wa Mathare angechaguliwa na Nairobi yote, kutoka Karen hadi Kasarani. Nani angewahi kushinda akitoka Mathare? Watu weusi walikuwa wengi upande wao lakini wachache kwa mji mzima, kwa hivyo hawakuwa wakipata mtu. 1979 Chambers alisukuma sheria ya kugawanya mji kwa maeneo, kila eneo lichague wake. Uchaguzi uliofuata, 1981, Fred Conley akawa diwani mweusi wa kwanza Omaha.

Afrika Kusini. 1980, Mandela akiwa bado jela, Chambers alifanya bunge la Nebraska lipitishe azimio la kutaka pesa za jimbo zitolewe kwa kampuni zinazofanya biashara na utawala wa ubaguzi. Lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. 1984 ikawa sheria kamili. Jimbo la wakulima wa mahindi, katikati ya Marekani, lilitangulia miji mikubwa yenye kelele, kwa sababu ya kinyozi mmoja.

Kiboko shuleni. 1988 Nebraska ilipiga marufuku kuchapa wanafunzi, kwa mswada wake. Sisi tulifika hapo 2001, angalau kwa karatasi.

Wachezaji wa chuo. Hii mashabiki wa michezo mtaipenda. Timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska ni kama dini huko. Uwanja unajaa, makocha wanaogelea kwa pesa, lakini vijana wanaoumia uwanjani walikuwa hawaruhusiwi kulipwa. Chambers alipigania walipwe tangu miaka ya 1980, watu wakamcheka. 2003 gavana akasaini mswada wake, ingawa ulikuwa na masharti kwamba majimbo mengine pia yafuate. Ilipofika 2021, sheria za michezo ya vyuo Marekani nzima zilibadilika na wachezaji wakaanza kuruhusiwa kula matunda ya majina yao. Alikuwa ameona mbali karibu miaka 40 kabla.

ALIPOMSHTAKI MUNGU

Hii ndiyo ilimpeleka kwa habari za dunia nzima, na watu wengi wanaijua vibaya.

Septemba 2007 Chambers alienda korti ya Omaha akafungua kesi dhidi ya Mungu. Aliomba korti imzuie Mungu kuleta mafuriko, matetemeko na dhoruba. Watu wakasema buda amechizi.

Hakuwa amechizi. Wakati huo kulikuwa na kelele kwamba kuna kesi zingine ni za upuzi na watu wazuiwe kuzipeleka kortini. Chambers alitaka kuonyesha kwamba mlango wa korti lazima uwe wazi kwa kila mtu, hata kwa kesi ya ajabu kama hiyo, halafu jaji ndiye aamue. Na jaji akaamua, Oktoba 2008: kesi imetupwa, kwa sababu mshtakiwa hana anwani ambapo anaweza kupelekewa karatasi za korti. Chambers akajibu kwamba Mungu anajua kila kitu, kwa hivyo bila shaka anajua ameshtakiwa.

Kumbuka hakuwa mgeni kwa vita vya dini na serikali. Alikuwa amelishtaki bunge lake mwenyewe kwa kumlipa kasisi wa kuombea vikao kwa pesa za umma. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1983 akashindwa. Mpaka leo kesi hiyo, Marsh dhidi ya Chambers, inasomwa na wanafunzi wa sheria.

SHERIA YA KUMTOA

Turudi kwa kura. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa wazi kwamba wakaazi wa eneo 11 hawatamtoa. Waliomchoka walikuwa wakaazi wa kwingine, na hao hawakuwa na kura North Omaha.

Basi kukaja njia ingine. Kuweka kikomo cha mihula kwa maseneta wote. Majaribio ya miaka ya 1990 yaliangushwa kortini. 2000 wapiga kura wa jimbo zima wakapitisha: mihula miwili ya miaka minne minne mfululizo, kisha unatoka. Sheria haikuandika jina la mtu. Lakini ukiuliza Nebraska ilikuwa inamlenga nani, wengi watakujibu bila kufikiria mara mbili.

Ona hapo. Mtu mmoja bila chama aliwasumbua mpaka watu wa jimbo zima wakapiga kura ya kubadilisha katiba yao. Na ile sheria haikumbeba yeye tu. Iliwatoa maseneta wengi wazoefu, na bunge likajaa watu wapya ambao walikuwa bado wanatafuta choo kiko wapi.

Januari 2009 akatoka, baada ya miaka 38. Kiti kikachukuliwa na Brenda Council, wakili. Mwaka huo huo wa uchaguzi, 2008, Chambers hakukaa nyumbani. Aligombea kiti kidogo kwa baraza la elimu la eneo la Omaha, akashinda. Kutoka kutikisa jimbo mpaka kujadili shule za mtaa, bila kuona aibu.

AKARUDI

Ile sheria ya 2000 ilikuwa na mlango mmoja wazi. Ilisema mihula miwili mfululizo. Ukikaa nje miaka 4, unaweza kurudi. Msomaji wa kanuni kama Chambers angekosa kuuona huo mlango?

2012 akarudi, miaka 75. Alikutana na Council, ambaye kampeni yake ilikuwa imeingia matatani: alikuwa amekiri makosa ya ripoti za pesa za kampeni, pesa ambazo alizitumia kwa kasino. Chambers akashinda kwa kishindo. 2016 akashinda tena.

Na hapo katikati, 2015, ndio akapata ushindi ambao alikuwa ameusaka maisha yake yote. Chambers alikuwa akileta mswada wa kufuta hukumu ya kifo tangu miaka ya 1970. 1979 bunge lilikubali lakini gavana akakataa kusaini. Akaendelea kuuleta mwaka baada ya mwaka, anapigwa, anarudi nao.

Mei 2015, kwa bunge lililojaa Republican, mswada ukapita. Wahafidhina kadhaa walikuwa wamechoka na gharama na kesi zisizoisha, wengine walisukumwa na imani yao. Gavana Pete Ricketts akaukataa. Ili kumshinda gavana zilihitajika kura 30. Tarehe 27 Mei zikahesabiwa: 30 kwa 19. Si 31. Ni 30 kamili. Kwa jimbo kama hilo, watu walishika mdomo.

Sasa sikiza sehemu ya kuuma. Waliokuwa wanataka hukumu ya kifo ibaki walikusanya saini, na gavana mwenyewe akatoa pesa za mfukoni kusaidia. Novemba 2016 swali likapelekwa kwa wananchi wote. Asilimia 61 hivi wakasema hukumu ya kifo irudi. Agosti 2018 Nebraska ikamuua mfungwa, wa kwanza tangu 1997.

Siku ile ile ya Novemba 2016 ambayo North Omaha ilimchagua Chambers kwa mara nyingine, jimbo lilifuta kazi yake ya miaka 40. Hiyo ndiyo siasa. Mtaa wako unaweza kukupenda na bado nchi ikukatae.

TUSIMPAKE MAFUTA

Usije ukafikiri huyu ni malaika. Kuna mambo ambayo hata waliompenda walishindwa kumeza.

2006 alisukuma sheria ya kugawanya shule za umma za Omaha mara tatu. Kwa hesabu ya mitaa, sehemu moja ingekuwa ya weusi wengi, moja ya wazungu na moja ya Walatino. Hoja yake ilikuwa kwamba shule tayari zimebaguana, basi wazazi weusi wapewe usukani wa shule za watoto wao. Wengine wakaona ni kurudisha ubaguzi kwa mlango wa nyuma. NAACP, shirika kongwe la kutetea haki za weusi, likaenda kortini. Mwaka uliofuata bunge likaifuta sheria hiyo kabla ianze kufanya kazi, na badala yake likaunda lile baraza ambalo baadaye alichaguliwa.

2015 kwa kikao kuhusu bunduki alilinganisha polisi na ISIS, kwamba kwa watu wake hatari iliyo karibu ni polisi. Wenzake wakawaka, gavana akamtaka aombe msamaha. Akadinda.

Na pia jua mgombea huru hawezi kila mlango. 1988 alijaribu Seneti ya taifa, mara hii kwa tiketi ya chama kidogo cha New Alliance. Hakufikisha hata asilimia 2, na Bob Kerrey wa Democrat akachukua kiti. Kile kinachofanya mtaa ukupende si lazima kikubebe nje ya mtaa.

2020 ile sheria ya mihula ikamfikia tena. Waliopigania kiti chake walikuwa Fred Conley, yule yule diwani wa 1981, na kijana anaitwa Terrell McKinney. McKinney akashinda. Januari 2021 Chambers akabeba vitu vyake akaondoka Lincoln, miaka 83.

SASA WEWE UNAFANYA NINI NA HII STORY?

Pengine uko na rafiki anawaza kusimama MCA bila chama. Pengine ni wewe. Sheria yetu inakuruhusu. Katiba, kifungu cha 85, inasema usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Kwa wadi unahitaji wapiga kura 500 wa hapo wakuunge mkono, kwa ubunge 1,000. Kwa hivyo ukitemwa kwa nominesheni usiku, hutaamka mgombea huru asubuhi. Uamuzi unafanywa mapema.

Halafu cheki vitu ambavyo vilimbeba Chambers. Alijulikana mtaani miaka kabla ya kuomba kura, na alijulikana kwa kazi, si kwa mabango. Kiti alichosaka kilikuwa kidogo kiasi cha kushikana mikono na wapiga kura wake. Hakuwa na deni kwa tajiri yeyote wa kampeni. Na baada ya kushinda alifanya kitu ambacho waheshimiwa wengi hawafanyi, wa chama na wasio na chama: alikaa chini akasoma kanuni za nyumba aliyoingia.

Hiyo ya mwisho haihitaji doo. Kanuni za kudumu za county assembly yako ni karatasi ya umma. Ukitaka kuanza leo, isome kabla ya mtu anayekuomba kura aisome. Halafu siku atakuja kwa base yenu na T-shati za bure, muulize swali moja tu kutoka humo, umsikize vile atajibu.